Mvinje, jongoo na timbo la Bamburi: namna mti wa kwanza ulivyochaguliwa

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa na kushika barabara ya Malindi, mwendo wa kilomita kumi hivi, utakiona mkono wa kushoto kiwanda cha saruji cha Bamburi, na ubavuni mwake msitu wenye njia za kutembea, mabwawa ya samaki, twiga na viboko. Ndiyo Haller Park. Dunia ilipata kuijua baada ya tsunami ya Desemba 2004, pale mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini karibu na Malindi alipoletwa hapo akajibanza kwa kobe mkubwa mzee. Watu wengi huenda kwa ajili ya wanyama, na wana haki. Mimi huwapeleka vijana wanaojifunza kazi ya kupanga bustani, kwa sababu chini ya miti ile hapakuwa na udongo hata wa kujaza kikombe. Mboji yote wanayoikanyaga pale imetengenezwa na mimea iliyochaguliwa, na namna ilivyochaguliwa ni somo kwa yeyote anayepanda miti katika miji yetu ya pwani.

Tuanze na mahali penyewe. Kiwanda kilianza kutoa saruji mwaka 1954. Malighafi yake ni mawe ya matumbawe, yaani bahari ya zamani iliyoganda ikawa mwamba mweupe. Mashine zilikata mwamba huo mwaka baada ya mwaka, na kila zilipohama ziliacha timbo: uwanja mpana, mweupe, mgumu kama sakafu, uliochimbwa hadi karibu na usawa wa maji ya ardhini. Maji hayo nayo ni ya munyu. Udongo wa juu ulishaondolewa kabla ya kuchimba. Jua la saa sita linapiga juu ya mawe meupe na kurudi tena kutoka chini, kwa hiyo mche unaungua pande zote mbili. Upepo wa bahari haukuti kizuizi. Na mwamba wenyewe ni chokaa tupu, ambayo hufunga madini ya chuma na fosforasi, mmea ukashindwa kuyanyonya hata kama yapo. Majani yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani, kisha yanakauka kuanzia ncha.

Mtu aliyekabidhiwa mahali hapo ni René Haller, Mswisi aliyesomea bustani na kilimo cha nchi za joto, na ambaye alijiunga na kampuni hiyo mwaka 1959. Kazi ya kurudisha uhai kwenye matimbo ilianza 1971. Hakukuwa na kitabu cha kumwongoza. Kulikuwa na hoja nyingi tu za kukata tamaa.

Alichofanya ndicho ninachotaka kila mpangaji wa bustani akitazame kwa makini. Alipanda aina 26 za miti palepale kwenye timbo, akaiacha mahali penyewe paamue. Jambo hili laonekana dogo ukilisoma haraka, lakini fikiria jinsi tunavyochagua miti sisi. Tunafungua picha kwenye simu. Tunamuuliza mwenye nyumba anapenda maua ya rangi gani. Tunakwenda kitaluni tunachukua kilichopo, na kilichopo ni kile kilichonunuliwa mwaka jana. Swali la kama ardhi ile inaweza kukibeba kile tunachokipenda huja mwisho, au haliji kabisa hadi miche ianze kufa na lawama kumwangukia mtunza bustani kwamba hakumwagilia.

Katika aina zile 26, zilizostahimili zilikuwa tatu tu: mvinje, mnazi, na mti uitwao kwa jina la kisayansi *Conocarpus lancifolius*, ambao Wasomali wanauita damas. Zilizokufa zilikuwa nyingi, na kila mti uliokufa ulikuwa jibu. Hapo ndipo wengi wangeridhika wakapanda yote mitatu kwa zamu, safu kwa safu. Haller aliuliza swali la pili: kati ya hii iliyoishi, ni upi utakaosaidia mwingine uishi?

Mnazi unaishi, lakini haugawi. Unakua polepole, kivuli chake ni chembamba, na makuti yake yanachukua muda mrefu kuoza. Ungeweza kupanda minazi elfu kwenye timbo na baada ya miaka kumi bado ukawa na timbo lenye minazi. Damas ni mti wa mabonde makavu ya Somalia na nchi za jirani. Unavumilia chumvi na joto, unakua kwa kasi, unatoa mbao nzuri. Hata hivyo haujipatii naitrojeni kutoka hewani, na mizizi yake ina tabia ambayo ndugu zetu walioko Ghuba wanaijua vizuri. Kule mti huu na jamaa zake walipandwa kwa wingi mijini, kando ya barabara na kwenye kuta za nyumba, kwa sababu unabaki kijani wakati kila kitu kimekauka. Mizizi ikafuata maji. Malalamiko ya mabomba yaliyovamiwa na mitaro iliyoziba yamesikika Kuwait, Basra na hata ng'ambo ya pili huko Karachi. Mti ni uleule. Kwenye timbo lisilo na bomba hata moja ni shujaa, na mtaani ni mgomvi. Kwa hiyo nikisikia mtu anauliza "mti gani mzuri kwa mji?" bila kutaja uko umbali gani na bomba la maji, najua bado hajauliza swali.

Ukabaki mvinje.

Kila mtu wa pwani anaujua mvinje kwa sauti yake, ule uvumi wa upepo ufukweni. Wengi hawajawahi kuushika jani. Nikiwa na wanafunzi huwapa kila mmoja kile tunachokiita sindano, ule uzi wa kijani unaoning'inia, na kumwambia auvute taratibu. Unakatika. Unavuta tena, unakatika tena, kila mara mahali palepale penye kiungo. Ukisogeza jicho karibu kwenye kiungo unaona pete ya meno madogo mno, saba hivi, yenye rangi ya kahawia. Meno hayo ndiyo majani ya mvinje. Uzi wote wa kijani ni kitawi. Mti umepunguza majani yake hadi yakawa karibu si kitu, ili upepo mkavu wenye chumvi usiwe na pa kushika wala pa kunyonya maji. Ukishaona hilo huhitaji kuambiwa kwa nini mti huu uliishi pale miembe isingeweza.

Chini ya ardhi kuna sababu nyingine, tena kubwa zaidi. Kwenye mizizi ya mvinje huota vinundu, na ndani ya vinundu huishi vijidudu viitwavyo Frankia. Hivi huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mti. Kunde na maharagwe hufanya hivyo kwa vijidudu vya aina nyingine; mvinje si wa jamii ya kunde lakini umepata mkataba kama huo. Mahali pasipo na udongo, mti unaojitengenezea mbolea ni mti unaoweza kuanza.

Na haya ndiyo mambo ambayo kitalu cha kando ya barabara huyasahau. Mwaka juzi nilisimama kwa mama mmoja anayeuza miche upande wa Mtwapa. Mivinje yake ilikuwa mirefu kiasi lakini imefifia, njanonjano.

"Mama, hii mivinje umeiotesha kwa udongo gani?"

"Mchanga na samadi kidogo, mwanangu. Mvinje hauna makuu."

"Udongo wa chini ya mvinje mkubwa hukuutia?"

"Wa nini tena? Si takataka tu zile."

Konzi moja ya zile takataka kwenye kila mfuko ingempelekea mche vile vijidudu. Bila hivyo, mche unapelekwa kwenye ardhi ya mawe bila mwenzake wa kazi, kisha mtu anasema mvinje umeshindwa. Nilimweleza, akacheka, akamtuma mjukuu na ndoo ufukweni. Nilipopita tena mifuko ya karibuni ilikuwa na rangi nyingine kabisa.

Turudi Bamburi. Mivinje ikashika, ikapanda juu upesi, ikatoa kivuli. Chini yake zikaanguka sindano, na mvinje haupukutishi kwa msimu, unapukutisha mwaka mzima. Hapa kikaja kikwazo ambacho kingeweza kuua mpango wote kimyakimya. Sindano hazikuoza. Zina tanini nyingi, ile ile inayokaza ulimi ukinywa chai iliyokolea, na bakteria hawakuziweza. Zikarundikana juu ya mwamba kama mkeka mkavu. Kwa macho ya mgeni ulikuwa msitu: miti mirefu, kijani, hewa baridi. Kwa macho ya mtu anayejua kazi lilikuwa ghala lililofungwa, kwa kuwa chakula chote ambacho miti ilikuwa imekitoa hewani kimelala chini na hakuna anayekifungua.

Aliyekifungua ni jongoo. Yule mkubwa mweusi mwenye miguu myekundu, mrefu kuliko kiganja, tunayemkuta njiani mvua zikianza. Alionekana akila sindano za mvinje, basi majongoo wakakusanywa kwa mamia wakaletwa timboni. Wakatafuna sindano, wakazitoa kama vidonge vidogo vya mavi, na vidonge hivyo bakteria waliviweza. Mboji ikaanza kujengeka juu ya mwamba.

Kuna jambo hapa ambalo hunifurahisha kila nikilifikiria. Gamba la jongoo limeimarishwa kwa chokaa. Kila anapojivua lile la zamani anahitaji chokaa ya kujenga jipya. Ile chokaa iliyokuwa adui wa zile aina 23 za miti zilizokufa ilikuwa neema kwake. Tunapopima ardhi kwa ajili ya mimea huwa tunaandika kasoro tu: chumvi, chokaa, ukame. Ni vizuri kuongeza mstari mmoja wa kuuliza kasoro hizo zinamfaa nani.

Pia tuliseme wazi: jongoo ni sehemu ya upandaji. Bustani nyingi za mjini zimepangwa zisiwe na mdudu hata mmoja. Majani yanafagiwa alfajiri, yanachomwa au kupelekwa jaani, na mwezi unaofuata mwenye bustani ananunua mbolea ya dukani. Timbo la Bamburi lingefagiwa hivyo, hadi leo lingekuwa jeupe.

Mboji ilipopatikana, zamu ya miti mingine ilifika. Miche ya miti ya asili ya pwani iliingizwa chini ya kivuli cha mivinje, ndege na popo wakaleta mbegu nyingine wenyewe, mabwawa ya samaki yakachimbwa pale ambapo maji ya ardhini yalikuwa karibu, wanyama wakaletwa. Mwaka 1984 njia zikafunguliwa kwa umma, na 1987 Haller akatunukiwa tuzo ya Global 500 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Mivinje yenyewe ikawa bidhaa. Mtu yeyote aliyejenga hapa pwani anajua soko la nguzo za mvinje: hoteli za makuti, mabanda, jukwaa la fundi anayepaka rangi ghorofa. Kuivuna kulilipa sehemu ya kazi na wakati huohuo kulifungua mwanga kwa miti iliyokuwa ikisubiri chini.

Sasa nina mawili ya kuhoji, kwa sababu kisa hiki kimesifiwa sana na sifa nyingi hufanya watu waige bila kutazama.

La kwanza ni mvinje wenyewe. Asili yake ni kusini mashariki mwa Asia, Australia na visiwa vya Pasifiki. Huko Florida, Marekani, umehesabiwa kuwa mti vamizi: unashika fukwe, mizizi yake ya juujuu na sindano zake zinawazuia kasa kutaga, na kimbunga kikija unang'oka. Hata kwetu, ukitembea kwenye shamba la mivinje lisilovunwa utaona jinsi chini palivyo patupu. Mkeka wa sindano hauruhusu mengi kuota. Bamburi ilisalimika kwa sababu tatu: mivinje ilikuwa ndani ya shimo na si ufukweni, majongoo walikuwapo, na watu walivuna. Ondoa moja kati ya hizo na mti uliookoa timbo unaweza kugeuka kuwa mwenye timbo. Ninaona mivinje ikipandwa leo kwenye mstari wa mbele wa fukwe za hoteli kwa kisingizio cha "Bamburi walifanya", na jambo hilo linaniuma. Bamburi hawakufanya hivyo.

La pili ni muda na mmiliki. Timbo lilikuwa na mmiliki mmoja, mtu mmoja aliyekaa na kazi kwa miongo, na uzio. Ukanda wa barabara ya mji una manispaa, kampuni ya umeme inayokata matawi, mwenye kioski anayefunga kamba, mbuzi, na mkandarasi ambaye mkataba wake unakwisha miezi kumi na miwili baada ya kupanda. Hauwezi kuupa mti wa kwanza miaka mitano ya kuandaa udongo kama hakuna atakayekuwepo mwaka wa sita.

Hata hivyo ardhi nyingi tunayopewa mijini ni timbo dogo. Viwanja vya Nyali, Shanzu, Kikambala na hata upande wa pili wa mpaka, Tanga na Unguja, vinasawazishwa kwa tingatinga hadi mwamba unachungulia. Kinachofuata nimekiona mara nyingi mno: lori la udongo mwekundu linamwagwa juu, nyasi zinatandikwa, maji ya kisima yenye munyu yanafunguliwa asubuhi na jioni. Kwa msimu mmoja panapendeza. Kisha chumvi inajikusanya juu, nyasi zinachomeka kwa mabaka, na lori la pili linaagizwa.

Pale ninapopewa nafasi, nafuata mpangilio wa Bamburi bila kuiga orodha yake. Kwanza natazama kinachoota chenyewe kwenye mwamba wa jirani ambao haujaguswa. Ukanda wetu una mbuyu, mkwaju na mbambakofi, miti iliyozoea matumbawe tangu kale. Mbambakofi watoto wanaujua kwa mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu. Ukipanda leo unawapandia wajukuu, maana hauna haraka. Mkwaju hauna haraka pia, lakini mizizi yake inatafuta nyufa za mwamba na kushuka. Hiyo ndiyo miti ya mwisho ya mpango wangu. Ya katikati ni kama mkungu, wenye matawi yaliyopangana kama ghorofa na kivuli kipana ndani ya miaka michache. Unavumilia chumvi, majani yake mapana yanaoza upesi kuliko sindano, na hakuna mtoto wa pwani asiyejua kugonga kungu. Mwarobaini nautumia kwa tahadhari, mmoja au miwili karibu na nyumba, kwa kuwa ndege hubeba mbegu zake na tayari umesambaa wenyewe hadi kwenye misitu ya pwani.

Mvinje kwangu ni wa mwanzo tu, tena uani, upande wa upepo, mbali na ufuko na mbali na tangi la maji taka. Miche inaatikwa kwa udongo wenye Frankia. Sindano haziondolewi, zinafagiwa zikarundikwa kwenye mashina, na majongoo wanaookotwa msimu wa mvua wanaachiwa hapo. Baadhi ya wenye nyumba hukataa jongoo kabisa, basi kwao tunaweka lundo la mboji nyuma ya uzio na kurudisha mboji iliyokwisha kuiva. Ni kazi zaidi, ila inakwenda.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kukata. Baada ya miaka michache mivinje imependeza, familia imezoea uvumi wake, na mimi narudi na msumeno kwa sababu mkwaju ulio chini yake unainama kutafuta jua. Hakuna anayetaka. Nimejifunza kwamba mazungumzo hayo yakifanywa siku ya kukata yanashindikana, kwa hiyo nayaweka kwenye karatasi ya kwanza kabisa anayotia sahihi mwenye kiwanja. Mchoro wangu una rangi mbili za miti, ya kubaki na ya kuondoka, na pembeni ya kila mvinje pameandikwa mwaka wa kuuangusha, mti unaochukua nafasi yake, na kama nguzo zitauzwa au zitatumika kujengea banda la uani.